Mtakatifu Aliyechomwa kwa Mjomba Saverio

Nunziata alikuwa na miaka minane, na kazi yake kila adhuhuri ilikuwa kumpelekea mjomba wake chakula. Mjomba Saverio alikuwa fundi mchonga sanamu aliyejulikana milima yote ile ya Kalabria. Mkewe alikuwa amefariki mapema, na mama yake Nunziata hakukubali kaka yake ashindie mkate mkavu.

Mtoto aliipenda karakana ile kuliko kanisa. Alikaa juu ya gogo akitazama patasi ikimenya mti na kutoa pua, kidevu, mikunjo ya kanzu, mpaka malaika akatokea palipokuwa na ubao mtupu. Mjomba hakuwa msemaji. Akifurahi alimpa kipande cha mti laini na kisu kikuukuu, basi.

Siku moja ya Julai alisukuma mlango bila kubisha. Juu ya benchi alikuwa amelazwa Mtakatifu Roko, yuleyule wa kanisani kwao, ambaye mama yake humbusu mguu kila sikukuu na kumweleza habari za nyumba nzima. Kichwa kilikuwa kimewekwa pembeni, kinatazama dari. Kifua kilikuwa kitupu kama boga kavu. Na kwenye jiko la karakana, chini ya chungu cha gundi, mkono wake wa kuume ulikuwa ukiungua, vidole vimechomoza nje ya moto.

Bakuli likamponyoka. Maharagwe yakatapakaa kwenye maranda.

"Funga mlango," mjomba akasema.

Akamweleza polepole kwamba bungua, wadudu watoboao mti, wamemla mtakatifu wakammaliza, kwamba mwaka uliopita nusura awaangukie wabebaji wake kwenye maandamano, na kwamba paroko ndiye aliyeagiza achongwe mwingine kimyakimya, watu wasifadhaike. Nunziata akautazama ule mkono motoni.

"Haumii?"

"Huu ni mti, mwanangu. Mwenyewe yuko mbinguni."

"Sasa mama huwa anaongea na nani?"

Mjomba akainama kuokota maharagwe. Akamwomba tu asimwambie mtu.

Hakumwambia mtu. Lakini kila mama yake alipolitaja jina la Mtakatifu Roko, yeye alitoka nje.

Ikafika sikukuu ya Agosti. Mtakatifu akatolewa kanisani akiwa mabegani mwa wanaume, rangi inang'aa, mbwa wake wa mti miguuni, tarumbeta zikilia. Mama yake Nunziata akainama kubusu mguu. Midomo ikagusa, akasita, akainuka taratibu kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Mguu wa zamani ulikuwa umelika kwa mabusu hata vidole havionekani. Huu ulikuwa na vidole vyote, na kucha zake.

"Huyu simjui," akasema.

Tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akamgeukia Saverio. "Kaka, yuko wapi?"

Paroko akakohoa, akaanza maelezo marefu kuhusu matengenezo. Mjomba angeweza kujificha nyuma ya maelezo hayo.

"Nimemchoma," akasema.

Mama akamzaba kofi mbele ya kijiji kizima. Kaka yake mkubwa, mwenye mvi. Nunziata alikuwa hajawahi kuona mwanamke wa kwao akimwinulia kaka yake mkono, wala hakuona tena. Kilichomshtua zaidi ni mjomba mwenyewe: alisimama vilevile, mikono chini, kana kwamba kofi lile alikuwa akilisubiri.

Wanawake wakarudi majumbani, mtakatifu mpya akazungushwa na wanaume peke yao. Baada ya hapo wateja wa mjomba walikatika. Mama hakumtaja kaka yake, ila adhuhuri moja akamkabidhi Nunziata bakuli bila kusema ni la nani. Mtoto akajua. Alimkuta mjomba anachonga mipini ya majembe.

Mwaka baada ya mwaka mama alimpita yule mtakatifu bila kumtazama, hadi Nunziata akawa mwanamwali. Mjomba alipokufa kwa kichomi, mama alikwenda kwa paroko akataka Mtakatifu Roko atolewe kanisani, aisindikize maiti. Paroko akasema si desturi.

"Basi nitambeba mwenyewe," mama akajibu.

Akatolewa. Mama akatembea nyuma yake njia yote hadi makaburini, na Nunziata, aliyekuwa ubavuni pake, akamsikia akimnong'oneza mtakatifu kwamba huyu anayekuja ni kaka yake, kwamba siku hizi haoni vizuri, na kwamba ampokee palepale kwenye ngazi za mbinguni.