Mabingwa wa Kamba ya Kuanikia

Enzi zetu, wavu wa mpira wa vinyoya ulikuwa nguo za mama zetu. Hatukuwa na wavu mwingine. Katika ua wa jengo letu pale Mchafukoge ilipita kamba moja ya kuanikia, kutoka bomba la maji hadi nondo za dirisha la stoo, na chochote kilichofuliwa siku hiyo ndicho kilichogawa uwanja. Siku ya mashuka mchezo ulikuwa mgumu, maana humwoni mwenzako, unamsikia tu akihema upande wa pili. Siku ya sare za shule tulichunguliana katikati ya mikono ya mashati. Siku ya khanga ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, kwa sababu khanga zilining'inia kwa urefu wa haki na hazikumficha mtu.

Kanuni ilikuwa moja. Kinyoya kikigusa nguo, umepoteza pointi, na nguo hiyo unaifua upya wewe uliyeigusa, hata kama haina doa. Mama yangu, mwanamke wa Kilimanjaro aliyeuza vitunguu kwa jumla Kariakoo na ambaye hakupenda kazi irudiwe, aliikumbusha kutoka dirishani kila alasiri: "Shuka langu likiguswa leo, nawafua nyinyi!" Ua mzima tuliitikia, "Sawa, mama," tukarudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo hakuna aliyepiga kwa nguvu. Mtu wa rika langu aliyekulia kwenye nyua zile atanielewa. Tulijua kwamba kinyoya kinainuliwa, kinapitishwa juu ya nguo za watu, kisha kinadondoshwa taratibu pale mwenzako asipokitegemea. Kupigilia tulikuona ni ukosefu wa adabu, kama kupaza sauti mbele ya wageni.

Tulicheza baada ya shule, tukiwa tumeshavua sare na kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kutoa machozi. Raketi zilikuwa za mbao, na uzi uliokatika tuliunga kwa mshipi wa kuvulia ulioletwa kutoka Feri. Vinyoya vipya hatukuvijua. Tulivipata vikiwa vimechakaa kutoka kwa Anko Firozi, aliyekuwa na duka la vitambaa chini ya jengo letu na ambaye jioni alikwenda kucheza kwenye ukumbi wa klabu mtaa wa pili. Tuling'oa manyoya yaliyovunjika, tukaenda soko la kuku Kisutu kuokota mengine, tukayaosha kwa sabuni ya mche, tukayaanika dirishani, tukayabandika kwa gundi. Mikono yetu ilinuka kuku mpaka wakati wa kulala.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha michezo nilichokipata kwa wauza vitabu vya mitumba, nilisoma kwamba kinyoya cha kweli hutengenezwa kwa manyoya ya bawa la upande mmoja tu, ili yote yapinde kwa namna moja na kinyoya kizunguke sawasawa. Sisi tulichanganya bawa la kushoto na la kulia, tena la kuku, juu ya mabaki ya bata bukini. Nikafunga kitabu nikacheka peke yangu. Hatimaye nilijua kwa nini kinyoya chetu kilipanda vizuri, kikafika juu, kikafikiri kidogo, kisha kikakata kwenda kulia kwa mpigaji.

Bingwa wa kinyoya kile alikuwa Dada Somoe. Wazazi wake walitoka Lindi. Baba yake alikuwa kuli bandarini, na walikaa chumba kinachopakana na ngazi. Alikuwa msichana wa sekondari, sisi wengine tukiwa bado wa msingi, na ndiye aliyetufundisha wote. Alilenga kushoto ili kifike katikati. Hakufundishwa na mtu. Mkono wake uliupima ule ukaidi wa kinyoya kama mpishi apimavyo chumvi. Na alikuwa na mdomo. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa Kichaga, aliniita Mangi. "Mangi, unacheza au unapima vitunguu?" atauliza, kinyoya kikiwa bado angani. Nikigeuka kumjibu, tayari kimeanguka miguuni pangu.

Jumapili moja Anko Firozi alishuka uani amevaa viatu vyeupe vya ukumbini. Alikuwa bingwa wa klabu yake, vikombe amevipanga dukani juu ya majora ya vitambaa.

"Nani hapa anajua?" aliuliza.

"Wote tunajua, Anko," alisema Somoe. "Wewe ndiye hatujui kama unajua."

Tulicheka mpaka akina mama wakatoka madirishani. Walicheza. Anko alipiga mipigo mizuri, iliyonyooka, ya mtu aliyezoea vinyoya vya dukani, na yote ikakata kulia. Mmoja uligonga shuka la mama yangu. Mama aliteremsha beseni na kipande cha sabuni. Anko Firozi, mtu mzima mwenye duka, alikunja mikono ya shati akafua shuka lile pale bombani, wateja wake wakimtazama. Alipolianika aligeuka kwa Somoe, na hakuwa anacheka tena.

"Wewe mtoto una mkono. Jumamosi njoo ukumbini na baba yako. Ukicheza hivi hivi, klabu itakuchukua."

Sijui niseme vipi uzito wa maneno yale. Katika ua wetu hakuna aliyewahi kuingia ukumbi ule. Tuliujua kwa nje tu, kwa mlio wa viatu kwenye sakafu. Sasa mmoja wetu angeingia akiwa na raketi mkononi, na akipita mtihani ule, angecheza na wasichana wa klabu, labda hata aende kwenye mashindano ya mikoani. Wiki nzima hatukuongea habari nyingine.

Jumamosi ilipofika tulimsindikiza kama bibi harusi. Baba yake alivaa viatu vya Idi. Ndani kulikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa, dari ndefu, na wavu wa kweli ambao hakuna mama aliyekuwa akiusubiri ukauke. Walimpa kinyoya kipya, cheupe, cha manyoya ya bawa moja. Aliyecheza naye alikuwa binti wa rika lake, mpole, wala si hodari sana.

Mpigo wa kwanza wa Somoe ulitoka nje upande wa kushoto. Wa pili pia. Wa tatu pia. Kinyoya kilikwenda pale pale alipokilenga, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alikuwa anasahihisha kosa ambalo halikuwepo. Akili yake ilishaelewa, tulimwona akitikisa kichwa, lakini mkono haukutaka kusikia. Alifungwa. Sisi tuliokaa kwenye benchi tukaona aibu kama tumemtia sumu wenyewe, kwa manyoya yetu ya kuku wa Kisutu.

Anko Firozi hakukata tamaa. Alimwambia baba yake mbele yetu, "Mkono anao. Aje kila jioni. Lakini ua asiuguse. Kile kinyoya cha kuku asikishike tena, mpaka mkono usahau."

Baba Somoe alikubali kwa furaha. Jumatatu alasiri tulishuka uani tukijua tumempoteza. Tulikuwa tunabishana nani sasa atakuwa bingwa, bila hamu, mlango wa kwao ulipofunguliwa akatoka na raketi yake ya mbao.

"Mnanitazama nini? Anzeni kabla Mama Mangi hajaanua khanga zake."

Hakurudi ukumbini. Baba yake alifoka, Anko Firozi alimwita mara kadhaa, hakurudi. Tuliamini ameona haya. Mimi niliamini hivyo mpaka mwaka huu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu, Neema. Yeye ni mchezaji wa siku hizi. Ana begi la raketi, viatu vya raketi, kitambaa cha jasho cha mkononi, na chupa ya maji yenye alama za kumwambia anywe saa ngapi, kana kwamba kiu haijui kazi yake. Kabla hajapiga kinyoya hata kimoja, sharti ajirekodi akinyoosha misuli. Jioni hunionyesha kwenye simu mabingwa wa dunia wa leo wakiruka na kupigilia, na hunitania: "Baba, wale wa zamani wa kwenu wangepata hata pointi moja kweli?"

Mimi si mtu wa kujibu kwa hasira. Nilimwomba anitafutie na michezo ya mabingwa wa zamani, wale niliowaona utotoni kwenye mkanda wa video wa Anko Firozi, tukawatazama sambamba. Ukweli lazima usemwe. Wa leo wana kasi zaidi, wanaruka juu zaidi, raketi zao ni nyepesi kama kijiti. Lakini hata hesabu imebadilika. Zamani ulipata pointi pale tu ulipokuwa umeanzisha wewe. Mwenzako akikushinda, alipata zamu ya kuanzisha, basi. Watu wawili waliweza kuhangaishana muda mrefu bila pointi kusogea, na hakuna aliyelalamika. Leo kila kinyoya kikianguka kuna anayehesabu. Nilimwambia Neema kwamba bingwa wa leo angemfunga wa zamani ukumbini, hilo sina ubishi nalo. Juu ya khanga za bibi yake, ningesubiri kwanza nione.

"Bibi aliwahi kuwaruhusu?" aliuliza, haamini.

Mama yangu bado anakaa katika jengo lile lile. Mwezi uliopita aliumia mguu, na Jumapili, mimi na Neema tukiwa pale, Somoe alikuja kumpa pole kutoka Mbagala. Ni mtu mzima sasa, mama wa watu, anapanda ngazi kwa kushika ukuta.

"Shikamoo, shangazi," alisema Neema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye wa raketi? Mangi, umezaa mchezaji wewe? Mkono kaupata wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika mguu wake. Tulikunywa chai, tukasimulia habari za shuka na Anko Firozi, na Neema, ambaye kizazi chake hakijui kuzunguka, akauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza.

"Sasa shangazi, kwa nini hukurudi ukumbini? Mimi ningerudi."

Somoe aliweka kikombe chini.

"Anko alitaka mkono usahau," alisema. "Nikajiuliza, ukishasahau, nitacheza na nani? Hawa walikuwa hawana kinyoya kingine. Baba yako huyu kila anachopiga, shuka. Ningemwachia nani?"

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alichelewa sokoni, kisha akachukua kikombe chake. Mimi nilitazama dirishani. Nilikuwa mwanafunzi mbovu kuliko wote katika ua ule, na kila alasiri alinipa zamu.

Kamba bado ipo. Siku hizi haina nguo, kwa kuwa kila familia inaanika ndani ya nondo za roshani yake, na uani wanalaza pikipiki. Watoto wapo, lakini wako ndani, kila mmoja na ukumbi wake mkononi. Enzi zetu bingwa tulimjua kwa sauti, alitufundisha na kututukana kwa upendo, na hakuna nje ya geti aliyewahi kumsikia. Bingwa wa leo anajulikana dunia nzima, na yeye hamjui hata mmoja wa wanaompenda.

Neema alichukua khanga ya bibi yake bila kuomba, akashuka, akaitundika kambani. Nilisogeza pikipiki. Somoe alivua ndala, akapokea raketi nyepesi ya Neema, akaipima mkononi kwa mashaka. Mpigo wake wa kwanza ulikwenda kushoto, mbali, ukagonga mlango wa stoo. Neema alikiokota kinyoya, akakirudisha, kisha akasogea upande ule wa kushoto na kumsubiri pale pale.

Dirisha la juu likafunguka. "Khanga yangu ikiguswa leo," alisema mama, "nawafua nyinyi!"

"Sawa, mama," tuliitikia mimi na Somoe, tukarudi nyuma hatua moja.