Darasa la Naunga Mkono

Hakuna kitu kinachonitia kinyaa kama sifa zilizonunuliwa kwa soda.

Kituo cha chuo chetu hapa Tarime ni vyumba viwili vya kupanga, na wanafunzi wake ni walimu wa shule za msingi wanaosaka shahada mwishoni mwa juma. Mimi ni msaidizi wa kituo. Nilitoka kijijini Nyarero na jozi moja ya viatu, nikajisomesha Dar es Salaam kwa kubeba zege, nikarudi na stashahada yangu na kujenga nyumba Turwa, hapa mjini. Sidaiwi fadhila na mtu. Ndiyo maana makao makuu walipotaka maoni ya wanafunzi kuhusu kozi ya Kiingereza, kazi hiyo walinipa mimi, hawakumpa mhadhiri.

Kozi ile husomwa kwa kukaa duara. Mhadhiri, mgeni kutoka Mwanza, anatoa mada, watu wanabishana kwa Kiingereza, na nusu ya alama zinatokana na kuchangia. Siku ya maoni alileta kreti mbili za soda kabla sijafungua mdomo. Kiranja wa darasa, mwalimu kijana mwenye sauti nene, alisimama wa kwanza.

"Kwa niaba ya wenzangu, kozi ni nzuri, na mhadhiri ni baba yetu."

Baada yake kila mmoja alijifuta mdomo, akasema anaunga mkono. Watu wazima, wanaofundisha watoto wa watu kusema kweli.

Mmoja tu hakusema neno: mama wa makamo aliyekaa nje ya duara, karibu na mlango, akiwapa wenzake mgongo. Nilijua hana hata alama moja ya kuchangia, na kwamba akianguka somo hili hatahitimu. Nilimfuata uani, nikampa shikamoo, nikamuuliza mbona anakaa kama aliyesusa.

"Mwanangu, wewe si mtu wa Nyarero?" alisema. "Huyo kiranja amemwoa binti yangu. Nikae nimtazame usoni, tubishane habari za ndoa?"

Mada ya wiki iliyotangulia kweli ilikuwa ndoa. Kwetu Wakurya mama mkwe na mkwe wake hawaketi wakitazamana, sembuse kubishana. Darasa zima lilijua hilo, kiranja akijua kuliko wote, na bado walikunywa soda wakasema kozi ni nzuri.

Nilimweleza mhadhiri. Alicheka, akasema hizo ni mila, yeye anafundisha Kiingereza. Niandike tu kwamba wameridhika. Nilimjibu kwamba stashahada yangu sikuiokota barabarani, na mkono wangu hauandiki uongo.

Jumamosi iliyofuata niliwahi kituoni nikapanga viti mwenyewe: duara moja chumba hiki, jingine chumba kile, mlango wa katikati wazi. Mama huku, mkwe kule. Wanasikiana bila kuonana. Watu walipoketi niliwaambia tunarudia maoni, na safari hii naanza na mama.

Alisimama, akavuta kitenge begani, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba kozi hii inawapa alama wenye kelele, na mwenye kuchunga heshima inamhesabu mjinga. Anaomba wapimwe kwa mpangilio huu wa vyumba viwili, kuanzia siku hiyo.

Mhadhiri alikuwa amesimama mlangoni. Aligeukia chumba cha pili, akingoja kiranja wake amwokoe.

Mkwe hampingi mama mkwe, hata kama ukuta uko katikati. Mwishowe sauti ile nene ilikuja, sasa imekonda.

"Naunga mkono."

Wengine wakafuata mmoja mmoja. Watu walewale, kwa midomo ileile iliyokunywa soda. Mhadhiri alikubali, na mama akaanza kupata alama siku ileile.

Nilimpongeza mama kwa moyo wote. Kisha nikatoka nje nikatema mate.