Hooyo Anadhani ni Chakula cha Kihindi

Admin, tafadhali nifichie jina, huku Garissa tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mkamba niliyesilimu nikaolewa na Msomali. Mama mkwe wangu, ninayemwita Hooyo, alikaa muda mrefu bila kula chakula changu. Alikuwa akipokea sahani, anaiweka kando, anakunywa chai yake ya maziwa. Iliniuma sana.

Hivi majuzi aliugua akakosa hamu ya kula. Alichotaka ni biriani ya Kihindi ya kununua, basi. Mimi napenda zaidi vya Kichina, lakini Hooyo hataki hata kuvisikia. "Mchina nakula kila kitu, ata nyoka. Mimi habana!" Siku moja nikakuta biriani imeisha. Nikaingia hoteli ya pili, wanakopika Kichina, nikanunua wali wa kukaanga na kuku wa mchuzi mtamu, nikamwambia ni vya Kihindi. Jamani, alikula akalamba vidole! Tangu hapo anataka hicho tu. Amepata nguvu, anaswali amesimama, na hata ninachopika mimi sasa anakula.

Juzi nikisubiri oda nilichungulia jikoni, nikamwona mpishi akimimina kitu cha chupa kwenye kuku. Nikamuuliza ni nini. "Ni mvinyo wa mchele, siz, kidogo tu ya ladha. Mdosi mwenye hoteli hajui, usinichome kwake." Nikaondoka bila chakula.

Namwogopa Mungu. Namwogopa Hooyo. Namwogopa hata mume wangu, maana aliniambia tangu mwanzo, "Mama akikukataa, mimi sina la kufanya." Nikisema ukweli, nani ataamini kwamba mimi niliyeingia dini juzi sikukusudia? Nimedanganya kuwa hoteli imefungwa, lakini Ijumaa dada zake Hooyo wanakuja kutoka Hadado, na ameshawaahidi kile chakula. Kila akiniita nadhani amejua.

Jana alinishika mkono. "Binti yangu," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "nyumba ya watu mimi nauliza, hii nyama imetoka wabi? Kwako mimi hauliza tena."

Nikaenda jikoni nikalia. Ndugu zangu, Ijumaa ni keshokutwa. Nimwambie, au nife nalo? Nishaurini, naogopa.