Majanga Aomba Damu

Kondo alianza kuchekesha watu kwenye kumbi za harusi kule Mwenge, kwa kipaza sauti cha kuazima, mpaka runinga ikamchukua. Huko akaigiza Majanga, tapeli anayezua misiba na wagonjwa ili achangiwe. Kwa misimu minne Majanga aliwazika shangazi kumi na mmoja, na kila mara alilia machozi ya kweli. Watu walimpenda, jamani! Hata msikitini hakukosa mtu wa kucheka safu ya nyuma akimwona. Naye kichwa kikamvimba. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Jumanne moja mkewe, Tabu, alijifungua, kisha damu ikakataa kukatika. Daktari akataka watu wawili wa kuchangia damu kabla ya saa sita mchana. Kondo alikuwa ameshatoa yake. Rukaiya, mdogo wake Tabu, alikataliwa kwa upungufu wa damu. Kondo akawapigia wasanii wenzake.

"Majanga bwana! Leo umemuua nani?" wakacheka, wakakata simu.

Akakimbilia sokoni Manzese, alikozaliwa. Hapo ndipo alipokosea. Angemshika mtu mmoja mkono na kumnong'oneza, huenda angesikilizwa. Lakini miaka yote hiyo alijua njia moja tu ya kukusanya watu. Akapanda juu ya kreti la soda.

"Jamani, mke wangu anakufa! Naomba damu!"

Umati ukajaa, simu zikainuliwa kumrekodi. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Sio igizo, ndugu zangu! Wallahi Tabu anakufa!"

"Huyu braza noma sana!"

Akapiga magoti. Kadiri machozi yalivyomtoka, ndivyo walivyozidi kufurahi. Anastasia, muuza dagaa, akaja akicheza mabega, akambandika noti kwenye paji la uso, kama anavyotunzwa msanii jukwaani. Wengine wakafuata. Walimtunza kwa moyo safi, na hilo ndilo linaloniuma: hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja pale. Kondo akazipangua noti, akawaonyesha plasta mkononi, alipochomwa sindano. Wakaicheka na plasta.

Simu yake ikaita. Alikuwa Rukaiya.

"Shemeji, njoo tu," alisema. "Usitafute tena watu."

Kondo akaanguka kifudifudi vumbini, akalia kwa sauti ambayo runinga haikuwahi kuisikia. Soko zima likampigia makofi.