Zamu za Mashine za Katesh

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Kituo hakunionyesha ofisi wala kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinipeleka moja kwa moja chumba cha mitambo, kwenye mita moja ukutani. "Binti, huu mshale ukae hamsini. Ukishuka, watu wanavuta umeme mwingi kuliko tunaozalisha. Ukipanda, tunazalisha mwingi kuliko wanaouvuta. Mengine utajifunza taratibu."

Hiyo hamsini ndiyo masafa, yaani mara ambazo umeme unapiga kwa sekunde moja. Vijana mnaokaa leo mbele ya kompyuta mnaiona na desimali zake. Sisi Katesh, kabla Gridi ya Taifa haijatufikia, tulikuwa na mtambo mmoja wa dizeli, na mimi, mgeni kutoka Tabora, niliulisha mafuta kwa kuzungusha kwa mkono gavana, kile kigurudumu cha kuongeza na kupunguza mafuta, sikio likiwa kwenye injini. Jamani, niliipenda kazi ile mpaka nasahau kula.

Shida ilikuwa siku ya mnada. Mji ulikuwa na mashine tatu za kusaga, na mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya. Umeme ukikatika, wenye mashine waliacha swichi zimewashwa, ili ukirudi mtu asipitwe na mwenzake. Basi ukirudi, mota tatu zinanyanyuka kwa pamoja, mshale unaporomoka, kituo kinazima. Nawasha, kinazima tena. Mnada mmoja tulianguka mara nne, na wafugaji wa uwandani walionunua mahindi asubuhi wakarudi nayo nyumbani bila kusaga.

Meneja alikasirika kweli. "Mnada ujao tukianguka namna hii, naikata laini ya mashine zote. Na wewe unakwenda stoo kugawa misumari."

Kesho yake nikatoka kwa miguu, kuwaomba wenye mashine wawe wanawasha kwa zamu. Mzee Tluway, mwenye mashine ya juu karibu na kanisa, alinielewa haraka. Mama Paskalina, wa mashine ya chini, alinikatalia akiwa na unga hadi kwenye kope. "Mwanangu, nikisubiri Tluway aanze, wateja wangu wote wanapandisha kwake. Watoto wangu utawalisha wewe?"

Alikuwa na haki. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena, mpaka nikaelewana nao wote, pamoja na mwenye mashine ya tatu. Umeme ukikatika, kila mtu azime swichi. Ukirudi anaanza mmoja, wa pili anasubiri mlio wa ile ya kwanza utulie, halafu wa tatu. Na wa kuanza atabadilika kila mnada.

"Mnada wa kwanza naanza mimi," akasema Mama Paskalina. Mzee Tluway akacheka, akakubali.

Mnada ukafika. Saa nne asubuhi chujio la mafuta likaziba, injini ikazima, na Meneja amesimama nyuma yangu. Nikalisafisha, nikawasha, nikawasha swichi ya laini ya mji, mkono kwenye gavana. Mshale ukashuka arobaini na nane. Nikaongeza mafuta, ukapanda hamsini. Ukashuka tena, ukapanda. Mara ya tatu hivyo hivyo. Kisha ukatulia, na kutoka mjini nikasikia mashine zote tatu zinasaga. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

"Umefanyaje?" Meneja akauliza.

"Wanasubiriana, bosi."

Akagonga kioo cha mita kwa kidole. "Wiki ijayo nenda Mbulu, ukawaeleze na wenzetu wa kule."

Nilikwenda Mbulu, baadaye makao makuu, na miaka mingi mbele nikapelekwa Ulaya kwa mafunzo. Kule nchi nyingi zimeungwa kwenye mpigo mmoja. Mtambo mkubwa ukianguka kwa mmoja, mshale unashuka kwa wote saa ileile, na kila nchi inatoa mchango wake ndani ya sekunde chache. Mkufunzi akatuambia kwamba mmoja akivuta kuliko alivyoahidi, na hali ikaendelea, hata saa za jikoni zinazofuata mpigo wa umeme huchelewa kwa majirani wote. Nikamuuliza mtu kama huyo wanamfanyaje. "Tunakaa naye mezani mpaka aelewe," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba huyo namfahamu, ana unga kwenye kope.

Sasa nimestaafu, nimejenga hapahapa Katesh. Gridi imefika, na mashine tatu haziitikisi hata kidogo. Mnada uliopita nilipeleka debe la mahindi kwenye mashine ya chini, anayoiendesha binti wa marehemu Mama Paskalina. Umeme ukakatika, akazima swichi. Uliporudi, taa ikawaka, lakini yeye akabaki amekaa, na foleni imefika mlangoni.

"Mbona huwashi?" nikamuuliza.

"Vumilia kidogo, bibi. Leo wa juu ndiye anaanza."

"Nani kawapangia?"

"Mama alituachia hivyo. Sijui ni kwa nini, ila kila mnada tunabadilishana."

Kule juu kanisani mlio wa mashine ukaanza, ukapanda, ukatulia. Binti akanyanyuka, akawasha ya kwake. Nilipotazama chini, mkono wangu wa kulia ulikuwa umejikunja wenyewe, unazungusha gavana ya ule mtambo wa zamani.