Nilimsengenya Mkurugenzi Hatua Mbili Kutoka Kwake

Nina hasira hata ninapoandika haya. Kazi ya kuandaa mikutano ya makampuni nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, na uzinduzi wa kampuni ya samaki hapa Kismayu niliutayarisha kwa wiki tatu. Hata nafasi kati ya viti niliipima kwa rula. Mkurugenzi alikuwa ameahidi kwamba akiridhika atatia saini mkataba, na mikutano yao yote ya mwaka itakuwa yangu.

Saa moja kabla ya wageni kufika, akaniamuru kwa Kisomali nigeuze viti vyote vielekee dirishani. Nikageuza. Akataka nivirudishe. Vilikuwa sawa tangu mwanzo, na hilo silifuti.

Nikiwa nimelowa jasho ndani ya buibui, nikampigia shangazi yangu aliyeko kisiwani Chovae, palepale ukumbini, mkurugenzi akiwa hatua mbili tu, nikamwaga yote kwa Kibajuni, Kiswahili chetu cha visiwani.

"Shangazi, mchu huyu hana akili. Hata kuku ana mpango kumshinda."

"Taratibu, mwanangu. Hakusikii?"

"Asikie nini? Yeye na lugha yetu wapi na wapi."

Mkurugenzi akavuta kiti, akaketi, akaniambia kwa Kiswahili laini cha Mombasa, "Vita vilitupeleka Mombasa nikiwa mchanga, dada. Nimesomea huko, nimeolea huko."

Akausukuma mkataba upande wangu, bila saini.

"Mjibu shangazi kama nasikia. Bado yuko kwenye simu."