Lori Lililotaswa

Kabla sijang'oa jino hata moja, ndama wa jirani alinilamba uso nikalia mpaka nikatapika. Hilo silo nililotaka kusema. Leo mjukuu amemwagia maji kikaango cha moto, nikasikia ile harufu ya chuma. Ng'ombe wetu sisi, baba aliwauza wote akanunua lori.

Lilikuwa lori la vita, pua fupi, usukani kushoto. Voi mpaka Taveta halikuwa na ndugu wala spea. Siku ya kwanza lilifika kwetu Werugha likichemka. Baba akafungua rejeta, mvuke ukafoka. Bibi, mamake baba, akaja na kibuyu cha maji baridi.

“Lina hasira hili. Nalitasa.”

Kwetu kutasa ni kupuliza maji kwa kinywa, hasira itoke moyoni.

“Mama, ngoja lipoe!”

“Wewe hukungoja hata mkunga.”

Watu wakacheka. Akapuliza, halafu akamimina kibuyu chote ndani. Injini ikalia ta! Ikapasuka.

“Si mnaona limetulia,” bibi akasema.

Baba akafunga mlango wa lori polepole, akashika njia ya kuteremka. Tulidhani anaenda haja. Hakurudi tena.